Maradhi na marejesho ya mkopo: yanayosemwa barazani na yalivyo

Mtu akilazwa hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, kisha akapewa rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, gharama haziishii kwenye dawa. Kuna nauli ya boti, kuna chakula cha anayemuuguza, na duka huku Pemba limefungwa. Marejesho ya mkopo ndiyo ya mwanzo kukwama. Hapo kila anayekuja kumtazama mgonjwa huja na ushauri wake, na mwingi huzidisha dhiki.

"Nyamaza mpaka upone. Ukienda benki utajichongea."

Ushauri huu ndio unaoumiza watu wengi kuliko yote. Tangu siku ya kwanza benki inajua kwamba hukulipa, isichokijua ni sababu. Deni likipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo chechefu, yaani ulioacha kulipwa, na mara nyingi faili hutoka kwa afisa mikopo anayekujua likaenda kwa watu wa kukusanya madeni. Kwa hiyo nenda mapema, ikiwezekana kabla tarehe ya kulipa haijafika, ukiwa na mambo matatu mkononi. La kwanza ni barua ya daktari. Kama maradhi yenyewe hutaki yajulikane, muombe aandike tu kwamba huwezi kufanya kazi na kwa muda gani. La pili ni karatasi ya mapato na matumizi: kinachoingia sasa, chakula, dawa, nauli za kliniki, skuli za watoto. La tatu ni kiwango unachoomba ulipe, na kitokane na hesabu hiyo. Usikitaje kikubwa ili uonekane muungwana, kwani ahadi ya pili ikivunjika, ya tatu haitasikilizwa. Ukiwa kitandani, mpe ndugu barua ya idhini uliyotia saini, maana bila hiyo benki haiwezi kuzungumza naye habari za akaunti yako.

Mwenye karafuu au mwani ataje na msimu wake. Ni halali kuomba ulipe kidogo sasa na zaidi wakati wa mavuno, na afisa aliyekaa Pemba anaielewa hesabu hiyo.

"Wakikubali kupunguza, basi deni limepungua."

Kilichopungua ni marejesho ya mwezi. Tuseme umebakiwa na shilingi 3,000,000 na riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi kwa kinachobaki. Riba ya mwezi huo ni 45,000. Ukilipa 250,000, deni linashuka kwa 205,000. Ukilipa 100,000 linashuka kwa 55,000 tu, na ukilipa 40,000 deni linakua ingawa unalipa. Ndiyo maana kuomba kiwango kidogo hakutoshi. Omba pia riba isimame kwa miezi ya ugonjwa, au angalau faini za kuchelewa zifutwe. Wanaweza kukataa, lakini wasioulizwa hawatoi.

Mkopo wa murabaha, yaani ule wa benki za Kiislamu usio na riba, una msingi mwengine: ile ni bei ya kuuziana iliyokwisha kukubaliwa, na kuongezewa muda hakupaswi kuipandisha.

"Kuomba kupunguziwa ni kukwepa deni."

Nasikitika kila nikilisikia hili, tena kwetu sisi. Al-Baqara, aya ya 280, inamtaka mdai ampe muda mdaiwa mwenye dhiki, na inasema kusamehe ni bora zaidi. Anayekuja na karatasi zake na kusema "naweza hiki" hajakwepa kitu.

"Bima ya mkopo italipa."

Soma mkataba. Bima nyingi za mikopo hulipa kwa kifo au ulemavu wa kudumu. Miezi mitatu ya kulala kitandani kwa kawaida haimo.

"Watakuja na polisi."

Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, na njia yake ni mahakamani. Kughushi nyaraka ni jambo jengine.

"Kopa pengine uzibe hapa."

Tafadhali, usifanye hivi ukiwa mgonjwa. Mikopo ya simu ina muda mfupi na ada kubwa, na dhahabu iliyowekwa rehani kwa haraka ni nadra kurudi. Kama lazima dhahabu itoke, heri iuzwe kwa bei uliyoiulizia kwa masonara wawili watatu. Lakini kwanza zungumza na anayekudai, yaani aliyekukopesha, na kama mkopo ni wa kikundi au SACCOS, waambie wenzako kabla ya siku ya kikao, kwa kuwa wao ndio watakaokuzibia. Mdhamini wako naye aambiwe na wewe mwenyewe, asiipate habari kwa kupigiwa simu na benki.

"Afisa kashakubali kwa mdomo, yatosha."

Afisa huhamishwa. Taka barua yenye kiwango kipya, tarehe ya kuanza na kumaliza, na namna riba itakavyohesabiwa. Barua yako ya maombi nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo. Wakikataa bila ya kukusikiliza, andika malalamiko rasmi kwa benki yenyewe. Usiporidhika na jibu, yapeleke Benki Kuu ya Tanzania, ambayo husimamia benki za pande zote mbili za Muungano na ina ofisi Unguja, pamoja na nakala zote zenye muhuri.