Gesi Inayoiambia Seli ya Mmea Ife au Iishi

Bakteria wakipenya kwenye jani kupitia vitundu vyake vya kupumulia, mmea hauna damu ya kusafirisha askari. Kila seli hujitetea palepale ilipo. Mara nyingi seli zilizovamiwa hujiua upesi na kuacha kiraka kikavu ambacho bakteria hawawezi kukivuka, kama barabara ya moto inayofyekwa kando ya msitu.

Mwaka 1998, mtafiti Massimo Delledonne na wenzake walionyesha kwa seli za soya kwamba kifo hicho huchochewa na gesi ya nitriki oksidi ikishirikiana na kemikali kali za oksijeni. Mwaka huohuo Wamarekani watatu walipata Tuzo ya Nobel kwa kueleza kazi ya gesi hiyohiyo katika mishipa ya damu ya binadamu.

Gesi hii hujishikiza kwenye salfa ya sisteini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na protini iliyoshikwa hivyo hubadilika umbo au kazi. Wataalamu hukiita kitendo hicho es-nitrosilesheni. Chukua protini ya NPR1, inayoamsha jeni za kinga katika Arabidopsis, gugu dogo la ukoo mmoja na kabichi na sukuma wiki. Gesi ikinasa kwenye sisteini yake iliyo nafasi ya 156 katika mnyororo wa asidi amino, molekuli za NPR1 hushikamana nje ya kiini cha seli. Jeni haziamki mpaka molekuli hizo zitengane na kuingia ndani ya kiini.

Kwa hiyo gesi nyingi si kinga nyingi. Mwaka 2005, maabara ya mtafiti Gary Loake huko Edinburgh, Uskoti, iliondoa kimeng'enya kinachozuia gesi hiyo isirundikane kwenye protini, na mimea ikashindwa na magonjwa; kimeng'enya hicho kilipozidishwa, ikastahimili.

Breki nyingine ilionekana mwaka 2011. Kifo cha seli kikishaanza, nitriki oksidi huishika sisteini ya 890 ya kimeng'enya kinachozalisha zile kemikali za oksijeni, na kukipunguza kasi. Watafiti walipoibadilisha sisteini hiyo moja tu, seli nyingi zaidi zilikufa. Vimeng'enya vya jamii hiyo katika nzi na binadamu navyo vina sisteini mahali hapohapo, na gesi huishika vilevile.