Sala binafsi katika Ukristo: maana na aina zake

Sala binafsi ni sala ambayo Mkristo anamwelekea Mungu kwa nafsi yake, nje ya ibada ya pamoja ya kanisa. Hakuna anayeongoza, wala hakuna kiitikio cha kusubiri. Andiko linalotajwa zaidi ni Mathayo 6:6, pale Yesu anapowaambia wanafunzi waingie chumbani, wafunge mlango na kusali mbele za Baba aliye sirini. Hata hivyo, kuwa peke yako si sharti. Hana, mamaye Samweli, alisali katika nyumba ya Bwana kule Shilo, kuhani Eli akimtazama. Midomo ilitikisika, sauti haikusikika, na Eli akadhani amelewa. Ilikuwa sala binafsi kabisa, ingawa mahali palikuwa pa ibada na shahidi alikuwapo.

Ukiwauliza waumini kuna aina gani za sala, wengi watakutajia mbili: ya kukariri na ya kutoka moyoni. Naona mgawanyo huo hautusaidii sana. Mtu anaweza kubuni maneno mapya kila asubuhi na moyo wake ukawa mbali, na mwingine akasema Baba Yetu ileile aliyofundishwa utotoni huku akilia. Afadhali tuulize maswali mawili: msali anamwambia Mungu nini, na anasali kwa namna gani?

Kwa swali la kwanza, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, yaani kitabu rasmi cha mafundisho yake, inataja kubariki na kuabudu, kuomba, kuwaombea wengine, kushukuru, na kusifu. Orodha za Waprotestanti hazitofautiani sana na hiyo, ila nyingi huipa toba nafasi yake yenyewe, wakati Katekisimu inaiweka ndani ya sala ya kuomba, tena kama hatua ya kwanza. Shukrani na sifa huchanganywa mara nyingi. Kwa kawaida shukrani hutaja alichotenda Mungu, na sifa humtukuza kwa jinsi alivyo, hata siku ambayo msali haoni alichopewa.

Kuna aina moja ambayo orodha nyingi huiruka, nayo ni maombolezo. Ajabu, kwa sababu kitabu cha Zaburi kimejaa hayo. Zaburi ya 13 inauliza “hata lini?” mara nne kabla msemaji hajaomba chochote. Zaburi ya 88 haimaliziki kwa matumaini. Inaishia gizani, na waliokusanya Zaburi hawakuona haja ya kuirekebisha. Yesu mwenyewe msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, akimuuliza Mungu kwa nini amemwacha. Anayeomboleza hajaacha kuamini, kwa maana malalamiko yake anampelekea Mungu yuleyule. Mtu aliyefundishwa kwamba kila sala lazima ifunguliwe kwa shukrani hukosa la kusema siku anapofiwa, na mimi nadhani kosa liko kwenye mafundisho aliyopewa.

Sasa namna ya kusali. Mapokeo ya Kikatoliki hutaja tatu: sala ya sauti, tafakari na taamuli. Sala ya sauti ni ile yenye maneno, yawe ya kitabuni au ya papo hapo, yatamkwe kwa nguvu au kwa kunong’ona. Baba Yetu ndiyo inayojulikana kuliko zote. Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, unaagiza isaliwe mara tatu kwa siku.

Mabishano makubwa yako kwenye sala za kurudiarudia. Anayezipinga hunukuu Mathayo 6:7, “msipayuke-payuke kama watu wa mataifa”. Lakini soma mstari wote: kinachokemewa ni kudhani kwamba wingi wa maneno utamfanya Mungu asikie. Yesu huyohuyo, katika Gethsemane, alisali mara ya tatu kwa maneno yaleyale, na Zaburi ya 136 inarudia kiitikio kimoja katika aya zake zote 26. Kwa hiyo kurudia peke yake si kosa. Swali ni kama msali anafikiri hesabu ndiyo inayofanya kazi.

Watawa wa jangwani huko Misri walijua faida ya sala fupi. Yohane Kasiano, aliyeishi kati yao na kuandika mafundisho yao katika karne ya 5, anapendekeza mstari mmoja wa Zaburi ya 70, ule wa kumwomba Mungu aje hima kuokoa, usemwe kazini, safarini, na hata wakati wa kulala. Upande wa Mashariki desturi hiyo ilikomaa na kuwa Sala ya Yesu: “Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi.” Waorthodoksi huisali polepole, mara nyingi pamoja na pumzi, wakishika kamba yenye mafundo. Sehemu yake ya mwisho ni mwangwi wa mtoza ushuru wa Luka 18, aliyemwomba Mungu amhurumie yeye mwenye dhambi. Katika karne ya 14 mtawa na mwanateolojia Gregory Palamas aliwatetea watawa wa Mlima Athos, kitovu cha utawa wa Kiorthodoksi huko Ugiriki, walioisali hivyo, dhidi ya wasomi waliowadhihaki.

Rozari nayo hurudia, ila inamtaka msali afanye mambo mawili kwa pamoja: kinywa kinasema Salamu Maria kumikumi, akili inatazama tukio la maisha ya Yesu au ya Mama yake. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II aliongeza fungu jipya la matukio hayo, Matendo ya Mwanga, kuanzia ubatizo wa Yesu katika Yordani. Rozari isiyo na kutazama huko imebaki nusu.

Hapo tayari tumeingia kwenye tafakari, ambayo ni kutumia akili na moyo juu ya Maandiko. Guigo II, mtawa wa karne ya 12 wa shirika la Wakartusi linaloishi kwa upweke na ukimya, aliipanga kama ngazi ya hatua nne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia mbele ya Mungu. Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alifundisha msali ajiweke ndani ya kisa cha Injili, aone watu, asikie wanachosema. Yeye pia alisisitiza kuitafiti dhamiri kila siku: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku, kuomba msamaha, kuazimia upya.

Taamuli ni hatua ya nne ya Guigo, na si rahisi kuieleza. Maneno hupungua, msali anabaki akimwelekea Mungu tu. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, aliiona sala ya moyoni kama maongezi ya kirafiki, kukaa mara kwa mara faraghani na yule tunayejua anatupenda. Wakweka, Wakristo ambao ibada yao ya asili haina mhubiri wala liturujia, nao hukaa kimya wakisubiri, japo wao hufanya hivyo hata wakiwa wamekusanyika.

Wapentekoste na wakarismatiki wana kunena kwa lugha, yaani kusali kwa maneno ambayo msali mwenyewe hayaelewi. Katika 1 Wakorintho 14 Paulo anasema roho yake huomba wakati akili haina matunda, kisha anaamua kuomba kwa vyote viwili. Anaongeza kwamba kanisani, asipokuwapo mwenye kufasiri, mneni anyamaze na kusema na nafsi yake na Mungu. Yaani kuna sala ambayo makazi yake ya kawaida ni faragha.

Katika maisha ya msali aina hizi huingiliana. Mwaka 1535 Martin Luther, kiongozi wa Matengenezo ya Kiprotestanti, alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu cha kumfundisha kusali. Alimshauri achukue Baba Yetu na Amri Kumi, kila amri aigeuze kuwa fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Akamkumbusha kwamba kinyozi mzuri haachi macho wala akili zitoke kwenye wembe. Lakini mawazo mema yakianza kuja yenyewe, alisema, sala nyingine ziachwe, mtu anyamaze na kusikiliza. Luther alikiri kuwa mara nyingi ombi moja tu la Baba Yetu lilimteka hivyo, na yale sita yaliyobaki akayaacha.