Bangkok bila kukwama: reli kwanza, maji pili, magurudumu mwisho

Kwenye ramani, kutoka soko la nguo la Pratunam hadi Jumba Kuu la Kifalme si mbali: ni kilomita tano au sita tu. Asubuhi na mapema siku ya Jumapili teksi inafika haraka. Jumatatu jioni, safari hiyohiyo inaweza kula saa nzima ukiwa umekaa ndani ya gari unaitazama mita ikihesabu. Kwa hiyo mgeni asipange safari zake za Bangkok kwa kilomita. Apange kwa kujiuliza: sehemu gani ya safari hii naweza kuifanya bila kugusa barabara?

Sababu imo ndani ya umbo la mji wenyewe. Bangkok ulikuwa mji wa mifereji. Mingi ilifukiwa ikawa barabara, na mashamba membamba yaliyokuwa kando yake yakawa vichochoro virefu vinavyoitwa soi. Soi nyingi hazitokei upande wa pili. Zinaishia ukutani au kwenye mfereji. Gari likitoka nyumbani halina njia ya mkato, lazima lirudi kwenye barabara kuu ambako magari ya soi nyingine zote yanamwagika. Kisha makutano makubwa mara nyingi huongozwa na polisi anayebadilisha taa kwa mkono, hivyo taa nyekundu inaweza kudumu dakika kadhaa. Dereva hana ujanja hapo, hata umwahidi bakhshishi gani.

Tuanzie uwanjani. Ndege za Kenya Airways kutoka Nairobi hutua Suvarnabhumi, na vivyo hivyo wengi wanaopitia Addis Ababa au Ghuba. Uwanja wa pili, Don Mueang, ni wa mashirika ya bei nafuu, na uko upande mwingine kabisa wa mji. Ukiwa na ndege ya kuunganisha kati ya viwanja hivi viwili, weka saa nyingi katikati. Kabla ya foleni ya uhamiaji, msafiri anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anatakiwa kupitia kwanza dawati la afya kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Watu hupanga foleni ya uhamiaji muda mrefu, wakifika mbele wanarudishwa kupata muhuri wa dawati hilo. Na tangu tarehe 1 Mei 2025 kuna fomu ya kuingia inayojazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti yoyote inayokudai pesa kwa fomu hiyo si ya serikali.

Kutoka Suvarnabhumi una njia mbili za maana. Treni ya uwanjani iko chini kabisa ya jengo, inaishia Phaya Thai, nauli ni baht (pesa ya Thailand) 15 hadi 45 na safari nzima ni kama nusu saa. Wafanyabiashara wanaolala Pratunam washuke Ratchaprarop, kituo kimoja kabla ya mwisho, kisha watembee. Teksi ziko ghorofa ya kwanza: bonyeza mashine, chukua kikaratasi chenye namba ya maegesho, nenda kwenye namba hiyo. Kikaratasi usimpe dereva akae nacho, kina maelezo ya gari lake na ndicho ushahidi wako. Mita huanzia baht 35, juu yake kuna nyongeza ya uwanjani ya baht 50, na mkipita barabara ya kulipia tozo ni yako. Dereva akikuuliza kama apite barabara ya juu, anauliza kama utalipa tozo. Jioni ya siku ya kazi, kubali. Watu watatu wenye mabegi makubwa, teksi ni bora. Mtu mmoja mwenye begi moja, treni, isipokuwa saa za watu kwenda na kutoka kazini, kwani behewa hujaa na begi linakuwa adui wa kila mtu.

Hapa kuna jambo linalomhusu hasa msomaji wa Kiswahili. Majina ya Kithai yakiandikwa kwa herufi za Kirumi, tunayasoma kwa mazoea yetu na hakuna anayetuelewa. «Th» ya Kithai si ile ya thelathini, na «ph» si «f». Ni «t» na «p» zenye pumzi. Thong Lo hutamkwa Tong Lo, Phaya Thai ni Paya Tai, Saphan ni Sapan. Anayejua Kimvita ana bahati, kwa sababu anaitofautisha tayari paa ya nyumba na p'aa mnyama. Pumzi ile ya p'aa ndiyo hiyohiyo. Suvarnabhumi nalo hutamkwa Suwannapum, na ukisema kama lilivyoandikwa dereva atakutazama tu. Kinga ya kweli ni kuwa na anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kithai kwenye simu, pamoja na namba ya simu ya mapokezi ili dereva azungumze nao.

Reli za mjini zina makampuni tofauti, na hapo ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa. BTS ni treni ya juu, iliyoanza Desemba 1999. MRT ya bluu, iliyoanza 2004, hupita chini ya ardhi katikati ya mji. Treni ya uwanjani ni ya tatu. Tiketi ya mmoja haikuvushi kwa mwingine hata kama vituo vimeunganishwa kwa daraja: unatoka geti moja, unanunua upya, unaingia geti jingine. Majina pia hutofautiana mahali palepale. Asok ya BTS ni Sukhumvit ya MRT. Mo Chit ya BTS ni Chatuchak Park ya MRT. Makkasan ya treni ya uwanjani inaungana na Phetchaburi ya MRT. Ukitafuta «Asok» kwenye ramani ya MRT hutaiona.

Malipo: kwenye mageti ya MRT unaweza kugusa kadi ya benki ya Visa au Mastercard yenye alama ya kugusa, bila kununua chochote. Hakikisha kabla ya safari kwamba benki yako imeiruhusu kufanya kazi nje ya nchi, na uguse kadi ileile ukitoka. Usiingie kwa kadi ukatoka kwa simu. BTS ina kadi yake iitwayo Rabbit, unayoinunua dirishani ukiwa na pasipoti. Ukikaa siku tatu au zaidi, inunue, kwa sababu mashine nyingi za zamani za BTS hupokea sarafu tu, nawe utapanga foleni ya chenji kwanza, kisha foleni ya tiketi. Nauli za mifumo yote miwili huanzia baht 17 na hupanda kwa umbali.

Siam ndipo njia mbili za BTS zinapokutana, kwenye majukwaa mawili yaliyopandana. Jukwaa la juu lina treni za kwenda Khu Khot na National Stadium. La chini ni la Kheha na Bang Wa. Kwa hiyo ukitoka Sala Daeng kwenda soko la Chatuchak, unavuka jukwaa hatua chache tu na kupanda treni iliyo mkabala. Ukienda Asok, shuka ghorofa moja. Watu huvuka kwa mazoea bila kusoma bango, wakajikuta wanaelekea kaskazini. Soma jina la kituo cha mwisho. Rangi ya njia peke yake haikuambii uelekeo.

Adabu za treni ni chache na zinazingatiwa. Simama upande wa kulia wa ngazi za umeme. Acha wanaoshuka washuke. Kula na kunywa hakuruhusiwi, na tunda la durian haliingii kabisa kwa ajili ya harufu yake. Kiti chenye alama ya mtawa ni cha mtawa, na mwanamke asikae akamgusa. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa hupigwa vituoni: kila mtu husimama alipo. Simama nawe.

Jina moja limewakosesha watu mabasi yao: Mo Chit. Kituo cha BTS Mo Chit na stendi ya mabasi ya mikoani ya Mo Chit haviko pamoja. Kuna mwendo wa gari kati yao, na kwenye foleni huo ni muda mrefu. Vilevile kitabu cha zamani cha wageni kitakutuma kituo cha Hua Lamphong kupanda treni ya kwenda Chiang Mai; tangu Januari 2023 treni za masafa marefu zinaondokea Krung Thep Aphiwat, kituo kikubwa kilichounganishwa na MRT Bang Sue.

Mji wa kale ulikuwa mbali na reli kwa miaka mingi. Mwaka 2019 MRT ya bluu ilirefushwa, na sasa kituo cha Wat Mangkon kinakushusha katikati ya mtaa wa Wachina, na Sanam Chai karibu na hekalu la Wat Pho. Hata hivyo, kwenda Jumba la Kifalme mimi bado nashauri maji. Panda BTS hadi Saphan Taksin, fuata alama za gati la Sathorn lililo chini yake. Hapo watu watakuita kwenye boti ya watalii, yenye bendera ya bluu. Ni boti nzuri, ila bei yake ni kubwa kuliko ile ya wenyeji. Uliza bendera ya rangi ya machungwa: nauli moja ya baht 16 kwa umbali wowote. Shuka gati la Tha Chang, namba N9, kwa Jumba la Kifalme. Tha Tien, N8, kwa Wat Pho, na hapo kuna kivuko cha baht 5 kwenda hekalu la Wat Arun ng'ambo ya mto. Phra Arthit, N13, kwa mtaa wa Khao San ambao hauna treni hadi leo. Boti haingoji. Sogea nyuma kabla haijagusa gati, kwani husimama kwa sekunde chache. Baada ya magharibi hupungua sana, basi usiiwekee tumaini la kurudi usiku.

Boti za mfereji wa Saen Saep hazijulikani sana kwa watalii, nami nazithamini kuliko usafiri wowote mwingine wa mji huu. Zinapita chini ya madaraja, sambamba na barabara zilizokwama, kutoka Panfa karibu na Mlima wa Dhahabu hadi mbali upande wa mashariki wa mji, kwa nauli isiyozidi sana baht 20. Pratunam ndipo unapobadili boti. Gati la Hua Chang ni la Siam, na hapo karibu ni Ban Khrua, mtaa wa kale wa Waislamu wenye msikiti kando ya mfereji. Kondakta hutembea nje, ukingoni mwa boti, akikusanya pesa; mpe noti ndogo. Maji ya mfereji ni machafu: ukikaa pembeni, vuta kamba ya turubai boti nyingine inapopishana nanyi. Anayepanda kwa shida au mwenye mtoto mchanga asizitumie, kwa sababu unakanyaga ukingo huku boti inacheza. Jioni huisha mapema, na mwishoni mwa wiki mapema zaidi.

Magurudumu yanabaki kwa kilomita ya mwisho. Madereva wa pikipiki huvaa vizibao vya rangi ya machungwa na kukaa kwenye mdomo wa soi, mahali penye kibao cha bei. Ni bodaboda kwa kila hali. Dai kofia ngumu, na soma bima yako ya safari kabla, kwani nyingi hazilipi ajali ya pikipiki. Programu za simu za kuita gari, Grab na Bolt, zote zipo. Unapoita gari barabara ya Sukhumvit, weka pini upande unaoelekea uendako: barabara imegawanywa katikati, na gari lililo upande wa pili linaweza kukaa dakika 20 likitafuta pa kugeukia. Kumbuka pia soi za namba witiri ziko kaskazini na shufwa kusini, na namba hazitazamani. Soi 55 inatazamana na Soi 38.

Teksi ya barabarani isiyotaka kuwasha mita, iache ipite. Bajaji, ambazo wao huziita tuk-tuk, hazina mita. Patana kabla ya kupanda. Mtu nadhifu akikuambia karibu na lango kwamba Jumba la Kifalme limefungwa leo, na bajaji hii itakuzungusha kwa baht 20, ujue utazungushwa kwenye maduka ya vito na ya washonaji yanayomlipa dereva. Jumba hufunguliwa saa 2 na nusu asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri. Nenda hadi dirisha la tiketi ulione mwenyewe, ukiwa umefunika mabega na miguu.

Kuanzia Mei hadi Oktoba, mvua ya alasiri hubadilisha hesabu zote. Maji hujaa kwenye soi, pikipiki hujificha chini ya madaraja, bei za programu hupanda papo hapo. Mvua ikianza ukiwa karibu na kituo, ingia kituoni. Kati ya National Stadium, Siam na Chit Lom unaweza kutembea kwenye njia ya juu iliyo chini ya reli bila kulowa sana. Kuvuka barabara, tumia daraja la waenda kwa miguu. Michirizi ya pundamilia haimsimamishi dereva.

Treni za mwisho ni karibu na saa 6 usiku. Ratiba huchapishwa kwa saa 24, lakini ukipatana na dereva kwa mdomo usishangae: Wathai nao huhesabu saa za usiku kuanzia jua kuzama, na sam tum yao ni saa tatu usiku kama yetu. Kwa ndege ya usiku, toka mjini kabla ya saa 10 jioni au baada ya saa 2 usiku. Ukilazimika kutoka katikati ya hizo, panda BTS hadi Phaya Thai, kisha treni ya uwanjani, na mabegi makubwa yafunge vizuri hotelini mapema kwa ajili ya ngazi.