Nyuki wa Magadi, Mchavushaji Anayefugwa Ardhini

Ufugaji wa nyuki ukitajwa, wengi wetu hufikiria mzinga, malkia na asali. Katika bonde la Touchet, jimboni Washington nchini Marekani, wakulima wa mbegu za alfalfa, mmea wa malisho ya mifugo uitwao pia lusini, humfuga nyuki asiyehitaji hata kimoja kati ya hivyo. Wanasayansi humwita Nomia melanderi, nasi twaweza kumwita nyuki wa magadi, kwa kuwa makazi yake ya asili ni ardhi ya chumvichumvi yenye unyevu chini na ukoko mweupe juu.

Kila jike hujichimbia shimo lake mwenyewe, ingawa maelfu yao huchimba wakiwa majirani. Chini humo hutengeneza vijumba, huvipaka utando usiopitisha maji unaotoka mwilini mwake, kisha katika kila kimoja huweka donge la chavua iliyokandwa kwa mbochi, hutaga yai moja juu yake na kuziba. Buu akishalimaliza donge hilo hutulia ardhini majira yote ya baridi, mpaka joto la mwaka unaofuata limwamshe akamilike. Wakati huo mama yake, aliyeruka kwa wiki chache tu, amekwisha kufa.

Thamani yake huonekana kwenye ua la alfalfa. Petali zake za chini hubana stameni, yaani viungo vyake vya chavua, kama mtego uliotegwa, na mdudu akizibonyeza, mtego hufyatuka na kumpiga kichwani. Nyuki wa asali hulichukia pigo hilo, na wengi hujifunza kufyonza mbochi kwa ubavuni bila kulifyatua ua, hivyo mbegu hazitungwi. Nyuki wa magadi halijali.

Kumtunza nyuki huyu ni kuutunza udongo. Wakulima hupitisha maji kwa mabomba chini ya viwanja vyake, na juu humwaga chumvi ili unyevu usipotee upesi. Viwanja vingine vimedumu kwa miongo kadhaa, na kwangu hilo ndilo la kuzingatiwa zaidi, kwani huyu ni nyuki wa asili wa eneo hilo anayestawi katikati ya kilimo cha kibiashara. Mvua ya msimu wa kutaga humdhuru, kwa sababu chavua huota ukungu. Dawa za wadudu hunyunyizwa usiku, majike yakiwa mashimoni, ila madume, yanayolala nje, hayana kinga hiyo. Na kwa kuwa nyuki hawa huvuka barabara wakiruka chinichini kwenda mashambani, vibao huwataka madereva wapunguze mwendo hadi maili 20 kwa saa.