Kulipa ada ya bima hakumwondolei mwajiri wajibu wa kuzuia ajali

Malalamiko ya waajiri ambao madai yao ya bima yamekataliwa au kulipwa pungufu yanafanana kiasi kwamba inafaa yajibiwe hadharani. Mengi huanza na swali lilelile: nimelipa ada yote kwa wakati, kwa nini silipwi? Ada huufanya mkataba uwe hai. Kinacholipwa baada ya hasara hutegemea yale mwajiri aliyoyaeleza kwenye fomu ya maombi, yale ambayo mkataba unayakinga, na jinsi alivyotimiza masharti tangu siku aliyotia saini.

Bima ya moto hukinga jengo, mitambo na bidhaa, lakini haimlipi mfanyakazi aliyeungua ndani ya jengo hilo. Huyo hulipwa na mfumo wa fidia kwa wafanyakazi, ambao kwa kawaida hauulizi kosa ni la nani, au na bima ya dhima ya mwajiri, pale mwajiri anapodaiwa kwa uzembe. Hizi ni bima tofauti, na ahadi ya mdomo ya wakala haiwezi kuigeuza moja kuwa nyingine.

Wapo pia wanaotaja thamani ndogo ya mali ili wapunguziwe ada, wakiamini kwamba hasara ndogo italipwa yote. Mikataba mingi ya mali ina kifungu cha uwiano, yaani hasara hulipwa kwa sehemu ileile ya thamani ya mali iliyokatiwa bima: karakana yenye thamani ya milioni 100 ikikatiwa bima ya milioni 60, hasara ya milioni 20 hulipwa milioni 12, tena kabla ya kuondoa kiasi ambacho mkataba unamtaka mwenye mali akibebe mwenyewe. Huo si ujanja wa kampuni ya bima. Umeandikwa katika mkataba uliotiwa saini, nao hupaswa kusomwa.

Ajali inapotokea, majeruhi ahudumiwe kwanza, na eneo lisivurugwe isipokuwa kwa ajili ya kuokoa watu au kuzuia madhara zaidi. Taarifa ya maandishi ipelekwe kwa mamlaka husika na kwa kampuni ya bima ndani ya muda uliowekwa, ikionyesha tarehe, saa, mashahidi, kazi iliyokuwa ikifanyika na taarifa ya daktari. Mwajiri asikiri kosa wala kuahidi fidia kabla ya kampuni ya bima kuridhia. Sharti hili huvunjwa mara nyingi kwa nia njema kabisa, na bado linaweza kumpotezea kinga. Kutotoa taarifa kwa mamlaka kunaweza kuleta faini, na faini hiyo kwa kawaida hailipwi na bima.

Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi kazini, na Mkataba wake Namba 155 wa mwaka 1981 unasema kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kumkata mshahara kwa ajili ya glavu, kwa hiyo, hakukubaliki. Wala glavu si mahali pa kuanzia: kwanza hatari iondolewe, ikishindikana mashine iwekewe kizuizi, ndipo taratibu za kazi zirekebishwe, na vifaa kinga vije mwisho.

Anayeleta mtambo mpya, kemikali mpya au zamu ya usiku aiarifu kampuni ya bima kwa maandishi kabla ya kuanza, asisubiri siku ya kuhuisha mkataba.