Je, wajua? Waifai hukimbia kuliko faiba, lakini waya hufika kwanza

Mawimbi ya redio yanayobeba waifai hukimbia hewani karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwanga ndani ya faiba, yaani nyuzi za kioo zinazosafirisha mtandao, hupata kama 200,000 tu. Mbona basi ukichomeka waya wa mtandao kwenye kompyuta, video iliyokuwa inazungukazunguka inatulia?

Kinachochelewesha ni foleni, wala si mwendo. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, zinakoingilia nchini nyaya za baharini za intaneti kama SEACOM na EASSy, ni kilomita kama 450 kwa barabara. Mwanga humaliza umbali huo kwa milisekunde zisizofika 3. Shida iko kwenye zile mita 10 za mwisho, kati ya rauta, kile kisanduku kinachorusha waifai, na simu yako.

Waifai ni bomba moja la mtaa: mmoja anakinga, wengine wamesimama na ndoo zao. Kila kifaa husikiliza kwanza kama hewa imetulia, ndipo kirushe. Wakirusha wawili kwa pamoja, data zinagongana na kila mmoja anarudia. Tena kwenye foleni hiyo wamo majirani. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli 3 tu zisizoingiliana, na maikrowevu ya jikoni inapigia kelele humohumo. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi, ila ukuta wa tofali unayachosha upesi.

Waya hauna foleni hiyo. Ndani yake kuna nyaya 8 zilizosokotwa mbilimbili; kelele ya nje ikizipiga, huzipata zote mbili sawasawa na kufutika kule mwisho. Unatuma na kupokea kwa wakati mmoja, hadi mita 100.

Mimi nilijifunza kwa tangi. Nakaa chumba cha uani huku Ilazo, Dodoma, rauta iko nyumba kubwa, na katikati limesimama simtanki la lita 2,000. Maji hunyonya mawimbi hayo vizuri sana. Basi siku za mgao, tangi likiwa tupu, waifai yangu ilikuwa inapanda; maji yakitoka, naoga vizuri lakini mtandao unakata. Nikavuta waya wa mita 20 kupitia chini ya bati. Simu bado inalaumu tangi, maana haina tundu la kuuchomeka, ila kompyuta imepona. Panya wameshautafuna mara moja.