Kutenga na kutambua kemikali ya mbegu: maana yake

Mwarobaini ukizaa hapa Mombasa, huwezi kupita chini yake bila kukanyaga kokwa. Kunguru hula nyama ya tunda, kokwa wakaziachia barabarani. Ndani ya kokwa mna mafuta, protini, sukari na vitu vichungu chungu nzima, vyote vimechanganyika. Kutenga ni kukitoa kimoja kati ya hivyo kikabaki peke yake. Kutambua ni kueleza molekuli yake imejengwaje: atomu zipi, ngapi, na ipi imeshikana na ipi. Kazi hizi hutajwa pamoja kama mapacha, kumbe zaweza kuachana miaka na miaka.

Kokwa hukaushwa kivulini, maana jua huiharibu azadirachtini, kemikali inayosakwa, ile inayowafanya wadudu wasuse chakula. Hubanguliwa, husagwa, kisha unga huloweshwa katika heksani, kiyeyushi cha jamii ya petroli, ambayo huondoka na mafuta. Unga uliobaki hutiwa methanoli, aina ya spiriti, nayo hubeba ule uchungu. Methanoli ikivukizwa hubaki uji mzito ambao bado ni mchanganyiko.

Hapo ndipo inapoingia kromatografia, njia ya kutenganisha vilivyochanganyika. Ijaribu nyumbani: tia doa la kalamu nyeusi ya wino unaoyeyuka majini kwenye karatasi ya kuchujia, chovya ncha ya karatasi majini, doa likae juu ya maji. Maji yakipanda, weusi hugawanyika kuwa rangi kadhaa, kwa kuwa kila rangi ina mwendo wake. Maabara hutumia bomba la kioo lililojazwa unga wa silika. Kila kemikali hushuka kwa wakati wake, ikakingwa katika chupa yake.

Sasa chupa ipi ndiyo? Butterworth na Morgan wa Uingereza waliwaachia nzige wa jangwani waamue. Chakula kilichopakwa dawa ya chupa fulani kikisuswa, kilichomo katika chupa hiyo ndicho kilichoendelea kusafishwa. Mwaka 1968 wakaipata azadirachtini ikiwa peke yake. Kilo nzima ya mbegu hutoa gramu chache tu.

Kuitambua kukachukua miaka 17 mingine. Spektromita ya masi hupima uzito wa molekuli, na huu ni kama 720, fomula C35H44O16. Mashine ya sumaku huonyesha kila haidrojeni na kaboni ina majirani gani. Eksirei huchora umbo lote, ila hutaka fuwele nzuri. Atomu 95 zilizosokotana namna ile ziliwapotosha wataalamu hadi 1985. Linganisha na piperini, ule ukali wa pilipili manga uliotengwa na Ørsted mwaka 1819: ina atomu 40. Arobaini yenyewe iko kwenye pilipili!

Kwa maana hiyo ya kutenga, unga wa mwarobaini wa dukani haujatengwa kitu, umesagwa tu. Na anayenunua mafuta yaliyokamuliwa akitaraji azadirachtini tele ajue kwamba sehemu kubwa hubaki kwenye mashudu.